Mamangu Ni Ofisa wa Bandari

SEHEMU YA SABA

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa na simu sikioni, ndani ya chumba cha kufulia cha nyumba ya Madam Hessa, hapa Al-Naseem, Riyadh. Binti yangu Fridah alikuwa ameniachia ujumbe wa sauti kupitia simu ya mwalimu wake. Shule yao ilikuwa imeingia kwenye shindano la televisheni la Vichwa vya Taifa, na yeye ndiye nahodha.

Kwa yule anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, mimi naitwa Eucabeth. Nilitoka Kenya mwanzoni mwa mwaka 2013, baada ya mume wangu kuoa mwingine na kunitolea vyombo nje. Katika nyumba yangu ya kwanza Riyadh nilinyimwa simu kwa miezi saba. Hii ni ya pili, na humu sijapigwa wala kulala njaa. Fridah, mtoto wangu wa pekee, nilimwacha kwa dada yangu mkubwa, Magdaline, mwenye saluni mjini Keroka.

Nimewaeleza mengi katika gazeti hili. Lakini kuna moja nimekuwa nikilizunguka tangu sehemu ya kwanza, na leo sina pa kulizungukia tena.

Fridah hakujua kwamba mimi ni mfanyakazi wa nyumbani.

Wazo halikuwa langu. Siku niliyopata viza, Magdaline alinikalisha kwenye kiti cha saluni, akafunga mlango. Akaniambia mtoto ana akili nyingi na wasichana wana midomo. Wakijua mamake anaosha vyoo Uarabuni watamsema hadi aache shule. Afadhali aambiwe nimepata kazi ya ofisi, bandarini Jeddah, kwa kuwa hakuna mtu wa Keroka atakayekwenda huko kuhakikisha.

Nilikubali. Nasema nilikubali kwa sababu sitaki mtu anionee huruma nisiyostahili.

Na si kukubali tu. Nilikuja kuupenda ule uongo. Nilikuwa nikimaliza kusugua bafu la juu naketi kwenye ndoo niliyoipindua, nampigia Fridah siku za likizo, namsimulia kuhusu meli iliyochelewa kutoka China na makaratasi yaliyojaa mezani pangu. Nilimtungia hata bosi wangu, mzee mmoja mpole anayependa chai ya iliki. Fridah alikuwa akimuulizia hali.

Sasa tuje kwenye hicho kipindi.

Vichwa vya Taifa kilikuwa kikionyeshwa Jumamosi saa tisa alasiri, moja kwa moja. Saa za Riyadh na za Nairobi ni zilezile, kwa hiyo Madam akipumzika baada ya chakula, mimi nilikuwa naegemeza simu kwenye chupa ya dawa ya kunyooshea kanzu, napiga pasi huku natazama.

Laban alikuwa akitazama nami, ila kutoka nje. Huyu ni dereva wa nyumba, mtu wa Vihiga, aliyewahi kufundisha shule ya msingi bila cheti. Kwa desturi ya hapa hawezi kuingia chumba nilimo peke yangu, basi anaketi kwenye kizingiti, mgongo kwenye mwimo wa mlango, shingo ameigeuza.

Laban alikipenda kipindi kile kama mtu anavyopenda harusi ambayo hakualikwa. Alijua majina ya manahodha wote. Alikosoa majibu. Na kila wiki alinung'unika kwamba mchezo wenyewe ni wa watoto wa wakubwa. Timu zinakuja na basi la shule lenye kiyoyozi. Maswali ni ya piano na mbio za farasi na miji ya Ulaya. Aliniuliza kama nimewahi kusikia mtoto akiulizwa ng'ombe anaumwa nini akivimba tumbo upande wa kushoto.

Ikifika saa tisa, hata hivyo, hakukubali kutumwa popote.

Mimi pia nilikipenda, na sikuwa na manung'uniko. Nilipenda kengele yake. Nilipenda kuona msichana wa miaka kumi na sita akiinua kidevu kwa sababu amelijua jibu kabla swali halijaisha. Nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa akiinua kidevu namna ile bila kuambiwa ana kiburi.

Sehemu iliyomuudhi zaidi Laban ilikuwa mwanzoni. Mtangazaji alikuwa akipita mbele ya kila mtoto na kipaza sauti, anauliza jina, kidato, na mzazi anafanya kazi gani. Majibu yalikuwa yaleyale kila wiki. Daktari wa moyo. Rubani. Wakili. Mama ana kampuni ya maua Naivasha.

Laban alisema kipindi kile kinauliza maswali ya aina mbili, unajua nini na wewe ni wa nani, na hilo la pili ndilo lenye alama nyingi.

Siku ya robo fainali, timu ya Fridah ilikuwa na sweta za kijani zilizochujuka. Wapinzani wao walivaa makoti ya buluu yenye nembo ya dhahabu. Mikono ya sweta ya Fridah ilikuwa mifupi, nikagundua kwamba mtoto wangu amerefuka na sikuwapo.

Mtangazaji akamfikia.

Fridah alisema jina lake, akasema kidato cha tatu. Kisha akainua kidevu akasema, "Mamangu ni ofisa wa rekodi katika Bandari ya Jeddah, Saudi Arabia."

Ukumbi ukapiga makofi. Mtangazaji akarudia maneno yale polepole, kama mtu anayeonja kitu kizuri. Bandari ya Jeddah.

Laban aligeuka kunitazama. Mkononi nilikuwa nimeshika kanzu ya Baba, mwenye nyumba.

"Ni wewe huyo?"

"Ni mimi."

Aliitazama kanzu, akanitazama tena. "Basi una kazi mbili na unapumzika Ijumaa moja."

Hakucheka, na ni baadaye nilipoelewa kwamba kazi ya pili ilikuwa ule uongo. Walishinda kwa alama kumi.

Siku tatu baadaye Fridah alinitumia ujumbe kupitia simu ya Mwalimu Robinson, mwalimu wao wa kemia aliyekuwa akiwaandaa. Sauti yake ilikuwa ya haraka. Kwenye nusu fainali kila nahodha anapata salamu za mzazi kwa video. Wazazi wa wenzake wangejirekodi katika ofisi zao. Yeye alitaka yangu ionyeshe meli.

"Hata kama ni moja tu, Mama. Ya mbali."

Nilitaka kumwambia ukweli siku ile. Naapa nilitaka. Nilimpigia Magdaline kumwambia hivyo, naye akanikatiza. Akasema nikimvuruga mtoto wiki hii, asiposhinda itakuwa juu yangu. Akasema kuna Wakenya wamejaa Jeddah, nitafute mmoja mwenye ofisi.

Bahati, au niseme mkosi, ilikuwa upande wetu. Shule za hapa zilifunga kwa likizo ya katikati ya mwaka, na Madam Hessa akaamua kuwapeleka watoto Jeddah kwa mama yake. Laban aliendesha kutwa nzima, mimi nyuma kabisa na watoto na mikoba.

Laban alikuwa na rafiki Jeddah, aliyekutana naye kwenye ndege walipokuwa wakija. Jina lake Duncan, karani wa kampuni ya kupokea mizigo. Ndani ya bandari nisingeweza kuingia bila kibali. Lakini ofisi ya Duncan ilikuwa nje ya lango, orofa ya tatu, na dirisha lake lilitazama kreni.

Madam alimtuma Laban kule Balad, mji mkongwe wa Jeddah, kununua ubani wa mama yake, akanituma nami kwa sababu Laban hajui kuchagua ubani. Alitupa saa mbili. "Saa mbili, halas," akasema, yaani basi, akionyesha vidole viwili.

Tulinunua katika duka la kwanza bila hata kuomba kupunguziwa. Mwenye duka alitushangaa. Tulitoka mbio kwenye vichochoro vya zile nyumba kuukuu za mawe ya matumbawe, nimeukumbatia ubani kifuani, tukaingia garini.

Duncan alikuwa ameazima koti jeusi la kike na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, kimegeuzwa ili jina lisionekane. Alipotufungulia mlango nilikuwa bado na sare yangu ya kazi, ile ya kijivu yenye aproni nyeupe, na kitambaa kichwani. Laban akanipiga picha hapohapo kwa simu yake, nimeshika koti kwenye kiango kama mtu anayepeleka nguo za wenyewe. Tulicheka. Akanitumia.

Nilivaa koti. Nikaketi kwenye kiti cha Duncan.

Kile kiti kilizunguka kidogo chini yangu. Dirishani kreni ilikuwa ikinyanyua kontena jekundu, taratibu sana, na nyuma yake ilikuwapo meli, tena si ya mbali. Simu ya mezani ikalia. Kabla Duncan hajaifikia, mkono wangu ulikuwa umeshainuka kuipokea.

Hiyo ndiyo aibu yangu kubwa kuliko zote, na sijamwambia mtu hadi leo. Haikuwa maigizo tena. Kwa dakika zile nilikuwa kazini kwangu.

Duncan alikuwa ameniandikia maneno kwa Kiingereza, kwa kuwa kipindi chenyewe ni cha Kiingereza. Nilikwama mara tatu. Mwishowe Laban akasema niseme ninavyosema siku zote. Nikamwambia mwanangu kwa Kiswahili kwamba mamake yuko kazini lakini anamwona, kwamba asibonyeze kengele kwa pupa, na kwamba hata akikosa jibu yeye ni wangu.

Tukiwa njiani kurudi nilimtumia Magdaline video hiyo aipeleke kwa mwalimu. Nikamtumia na ile picha ya sare. Juu yake nilikuwa nimeandika kwa herufi nyekundu za simu, "Ofisa kabla ya kuvaa." Tulizoea kutaniana hivyo, mimi na dada yangu. Yeye peke yake ndiye niliyeweza kucheka naye kuhusu maisha yangu, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyeyajua.

Alinijibu kwa vile vikaragosi vinavyotoa machozi ya kicheko. Vitatu.

Tulirudi Riyadh Ijumaa. Jumamosi ikawa nusu fainali.

Wapinzani walikuwa shule moja kubwa ya Nairobi ambayo imetoa mawaziri. Wazazi wao walijaza safu mbili za mbele. Nahodha wao alipata salamu kutoka kwa baba aliyesimama mbele ya ndege yake, na ndege ilikuwa na jina lake ubavuni. Laban alisonya.

Kisha skrini kubwa ikabadilika, nikajiona.

Nilikuwa mkubwa kama ukuta. Nyuma yangu kontena jekundu lilikuwa likipanda. Ukumbi ulinyamaza kunisikiliza, na nilipofika kwenye "wewe ni wangu" kamera ikaenda kwa Fridah. Alikuwa akifuta macho kwa ule mkono mfupi wa sweta. Watu wakasimama kumpigia makofi. Watu wa Nairobi, wenye heleni kubwa, wakamsimamia mtoto wa Keroka.

Walishindana bega kwa bega hadi swali la mwisho. Ni madini gani yakichomwa hutoa mwali wa zambarau? Fridah hakubonyeza kwa pupa. Alimtazama mwenzake, akavuta pumzi, akabonyeza.

"Potasiamu."

Laban alisimama akazunguka gari la Madam mara mbili, mikono juu, kimyakimya ili asiamshe nyumba. Mimi nilikaa na pasi mkononi hadi ikazima yenyewe.

Hiyo ilikuwa saa kumi. Furaha yangu ilidumu hadi adhana ya magharibi.

Laban alirudi mlangoni uso umemshuka. Hakuketi. Alinipa simu yake.

Kulikuwa na picha mbili zimeunganishwa ubavu kwa ubavu. Kushoto, mimi kwenye kiti cha Duncan. Kulia, mimi na sare, aproni na kiango. Ilikuwa imesambazwa maelfu ya mara, na kila nikigusa skrini idadi inapanda.

Niliyasoma maoni hadi macho yakauma. Ofisa wa ufagio. Meneja wa vyoo. Mmoja aliandika kwamba hawa wa shule za vijijini wakiingizwa kwenye mambo ya watu wazuri lazima waje na uongo wao. Mwingine akauliza kwani kuosha nyumba si kazi, na huyo alizomewa hadi akafuta.

Wa Nairobi hawakuniumiza sana. Walioniuma ni wetu, wale waliokuwa wakiandika wiki nzima kwamba hatimaye kuna timu ya watu wadogo. Hao ndio waliotukimbia kwanza. Msichana mmoja anayefanya kazi Dammam, mfanyakazi wa nyumbani kama mimi, aliandika, "Unatuonea aibu sisi wenzako? Basi na sisi tunakuonea aibu wewe."

Huyo alisema kweli.

Nilimgeukia Laban. Ndiye aliyepiga picha ile. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, kuhusu wanaume, kuhusu wivu wa mtu aliyeshindwa kufundisha. Aliyasikiliza yote. Nilipomaliza akaichukua simu, akafungua hifadhi yake ya picha, akanirudishia.

"Hii ndiyo niliyopiga. Itazame."

Niliitazama. Ilikuwa safi, haina neno lolote juu yake.

"Sasa tazama hiyo inayozunguka. Hayo maandishi mekundu ni ya nani?"

Ofisa kabla ya kuvaa.

Nilishuka taratibu hadi nikakaa sakafuni, katikati ya shuka za Madam. Laban alibaki amesimama kizingitini, kisha akaondoka. Namwomba msamaha hapa, mbele ya wasomaji, kwa sababu yeye mwenyewe hakunipa nafasi.

Magdaline alipokea simu kabla haijalia mara ya pili, kama mtu aliyekuwa akiingoja.

Nilimuuliza kama ameibiwa simu. Nilimpa ule mlango, atoke nao. Aseme ndiyo, tulie pamoja.

"Sijaibiwa," akasema.

Nikamuuliza basi ni kwa nini. Sauti yangu haikupanda. Nilikuwa nimeishiwa nguvu.

Aliongea kwa utulivu, na huo utulivu ndio ulionitisha. Akanikumbusha nani alimpeleka Fridah hospitali alipovunjika mkono. Nani alikuwa akienda siku za wazazi, akikaa kwenye nyasi na sufuria ya wali na kuku. Nani alimfundisha kutumia pedi. Nikasema najua, na kwamba kila mwezi nimemshukuru.

"Hukunishukuru. Ulinitumia vitu," akasema. "Nilikaa pale ukumbini, Eucabeth. Robo fainali nilikuwa safu ya nne, nimevaa nguo mpya. Alipoulizwa mamake ni nani, alitaja bandari. Hakutazama hata upande wangu. Ametaja bandari ambayo niliitunga mimi, kwa mdomo wangu, ndani ya saluni yangu."

"Ungemwambia yeye. Kwa nini uiambie nchi nzima?"

"Ningemwambia mimi, angesema nina wivu. Sasa ameona mwenyewe."

Akakata. Nilipompigia tena simu haikuingia. Alikuwa ameninyima njia.

Nimepigwa na mume. Nimefungiwa ndani na kafili, yule mwajiri wangu wa kwanza. Lakini hao walikuwa watu ambao nilijua wanaweza. Dada yangu ndiye aliyenisuka nywele siku ya harusi na ndiye aliyezifumua nilipofukuzwa. Nilijaribu kumchukia usiku kucha na nikashindwa, kwa sababu kila nilipofika kwenye ile nguo mpya na safu ya nne nilikuwa nasimama.

Jumapili hapakuwa na habari yoyote. Nilipika kabsa, ule wali wao wa nyama, nikasahau chumvi. Madam aliniuliza kama naumwa, nikasema mafi mushkila, hakuna tatizo.

Jumatatu saa nne asubuhi Mwalimu Robinson alipiga. Nilijifungia stoo, kati ya magunia ya mchele.

Alinisalimia kwa heshima, tena kwa haraka ya mtu aliye na watu mlango wa pili. Akasema walikuwa Nairobi, katika ofisi za kipindi. Ile shule ya mawaziri ilikuwa imelalamika kwa maandishi. Walidai timu yetu imedanganya kuhusu mzazi, na kanuni zinasema anayetoa habari za uongo anaondolewa, yeye na shule yake. Kulikuwa na kamati ya watu watatu, nayo ingeamua kabla ya saa sita.

Nilimwambia mtoto hana kosa. Mimi ndiye niliyemdanganya, niko tayari kusema hivyo, hata wanirekodi.

Kisha akasema, "Mama Eucabeth, tatizo si hilo ulilosema. Tatizo ni fomu."

Nikamuuliza fomu gani.

Akanieleza. Kila mshindani ana fomu iliyonakiliwa kutoka kwenye faili yake ya shule. Ya Fridah imeandikwa mama mzazi ni Magdaline, mwenye saluni, wa Keroka. Imeandikwa hivyo tangu siku alipojiunga na kidato cha kwanza.

Kidato cha kwanza ni Januari 2014. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja tu Riyadh. Nilikuwa ndio kwanza nimetoka katika ile nyumba isiyo na simu, nikidhani nina mtoto.

Mwalimu aliendelea. Kama mama mzazi ni mimi, basi fomu ya shule ni ya uongo, na shule nzima inatoka. Lakini kama mama mzazi ni Magdaline, kama fomu inavyosema, hakuna aliyedanganya. Mtoto alimwita mama mdogo wake mama, na kwetu mama mdogo ni mama, hata kamati inalijua hilo. Yule mama mdogo alimpa mtoto hadithi ya bandari, mtoto akaiamini. Ni aibu ya mtu mzima, kosa la shule halipo.

"Magdaline ameshathibitisha," akasema. "Yuko hapa. Wanataka kukusikia na wewe, kwa simu. Ni swali moja tu."

Niliuliza Fridah anasemaje. Akasema Fridah ameshatia sahihi maelezo hayohayo.

Nilimwomba anipe niongee naye. Nikasikia simu ikipita mkono hadi mkono, viti vikisogea, na mtu akikohoa. Kisha nikasikia pumzi yake. Ningeijua popote.

"Fridah. Mwanangu."

Huko juu Madam alikuwa akiniita jina, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Nilikudanganya," nikamwambia. "Nilidhani nakufichia aibu. Nisamehe. Lakini hili wanalotaka niseme, unalijua ni nini?"

"Nilikuwa nikimuulizia hali bosi wako," akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Nilikuwa nikimwombea."

Nikafunika mdomo.

"Wenzangu watatu wako hapo nje kwenye benchi," akaendelea. "Sellah amelia tangu jana. Wao hawajamdanganya mtu yeyote. Tumefika fainali, na shule yetu haijawahi kufika popote."

"Najua."

"Basi wakikuuliza, sema ndiyo." Kisha akaniita, na sauti yake ilikuwa ya adabu, ile anayotumia mtoto kwa mgeni. "Tafadhali, Anti."

Simu ikatoka mkononi mwake.

Mwanamke mwingine akachukua, mwenye Kiswahili cha ofisini. Alisema majina ya wanakamati watatu, akanitaarifu kwamba ninarekodiwa. Nyuma yake nilisikia mtu akipangusa pua, na nikamjua kuwa ni Magdaline.

"Swali letu ni moja," yule mwanamke akasema. "Fridah ni mtoto wa dada yako?"

Mlango wa stoo ukagongwa. Madam Hessa alikuwa akiuliza nafanya nini humo ndani, yalla, haraka, wageni wamefika.

Niliishika simu kwa mikono yote miwili, nikajibu.